Alaimenti mara tatu, matairi bado yanaliwa ndani: anzia chini ya gari

Swali la msomaji: Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Naishi Kihonda, Morogoro, na kila wiki naenda shambani Mvomero, nusu ya njia ni vumbi na mashimo. Matairi ya mbele yote mawili yanaliwa upande wa ndani, gari linavuta kushoto, na kwenye matuta kuna kitu kinagonga. Nimeshafanya alaimenti mara tatu tangu mwaka uanze. Fundi mmoja anasema tatizo ni matairi, mwingine anasema shokapu. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, kwa sasa usinunue matairi na usifanye alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ya nne. Dalili zako tatu, yaani kuliwa ndani, kuvuta kushoto na kugonga, zote zinaelekea kwenye vifaa vinavyoshika magurudumu. Vikishalegea, mashine nzuri kuliko zote hapo mjini haitakusaidia. Mashine inapima gurudumu limekaaje wakati gari limesimama. Ukishaingia barabarani, ukakanyaga breki na kupiga shimo la kwanza, gurudumu linahama kwa kadiri ya ulegevu uliopo, na vile vipimo ulivyolipia vinabaki kwenye karatasi. Alaimenti ni kazi ya mwisho. Wewe umeanza nayo mara tatu, na nina wasiwasi kwamba hata mara moja hakuna aliyelikagua gari chini kabla ya kulipandisha kwenye mashine.

Nianze na matairi, maana yanasimulia mengi kwa anayejua kuyatazama. Ukiona tairi limeliwa katikati, upepo umezidi. Likiliwa kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka duara lake, shokapu imechoka au balansi, yaani usawa wa uzito kuzunguka gurudumu, imeharibika. Kuliwa ndani peke yake, tena matairi yote mawili, kwa kawaida kunatokana na magurudumu kutazama nje kwa mbele, na mara chache zaidi ni kwa sababu yameinama, juu yakiingia ndani. Kuna njia ya kutofautisha bila kifaa chochote. Gari likiwa limezimwa na limepoa, weka kiganja juu ya tairi, kipitishe taratibu kutoka ndani kwenda nje, kisha ukirudishe kutoka nje kwenda ndani. Chunga tu nyaya zisikuchome kama tairi limeshaliwa sana. Ikiwa upande mmoja mkono unateleza na ukiurudisha unakwama kwenye meno meno, tairi linaburuzwa pembeni huku likizunguka. Hiyo ni tou, yaani magurudumu kutazama nje au ndani kwa mbele. Ukikuta limeliwa ndani lakini laini pande zote, fikiria mwinamo, ambao mafundi wa alaimenti wanauita kemba.

Tou ndiyo mla matairi mkubwa, kwa hiyo nikae nayo kidogo. Mtazame mtu anayetembea nyayo zake zikielekea nje: anasonga mbele, lakini kila hatua soli inasagika kidogo pembeni. Magurudumu yako nayo yakifumbuka mbele, hata kwa milimita chache, yanafanya hivyo bila kupumzika. Tupige hesabu. Tairi la gari dogo lina kipenyo cha karibu milimita 600. Tuseme umbali kati ya matairi mawili ya mbele, ukipimwa upande wa mbele, unazidi wa upande wa nyuma kwa milimita 5 tu. Kila tairi linabeba milimita 2.5. Gawanya kwa 600, kisha zidisha kwa mita 1,000: unapata mita 4 na kidogo. Yaani kila kilomita moja unayoendesha, kila tairi linaburuzwa pembeni zaidi ya mita 4 juu ya lami. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 190, ni kama mita 800 za kusugua mpira. Milimita 5 huwezi kuziona kwa macho, lakini boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwa chini) au tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu ukikata usukani) iliyochoka inazitoa kirahisi sana.

Kuhusu kuvuta kushoto, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo wengi wanapoliwa hela. Tou ya mbele kwa kawaida haivuti gari upande. Magurudumu mawili yanagawana kosa, na kinachobadilika ni usukani kukaa mshazari. Kwa hiyo fundi anayezungusha tairodi ili gari liache kuvuta anatibu ugonjwa usiokuwepo, na mara nyingi anaacha tou mbaya zaidi ya alivyoikuta. Gari linavuta kwa sababu nyingine: matairi yenyewe, breki inayoshika, au tofauti ya kemba na kasta kati ya kushoto na kulia. Kasta ni ule mlalo wa shina la shokapu ukitazama gari kwa ubavuni. Ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona.

Anza na yaliyo rahisi. Barabara zetu zimeinama kuelekea pembeni ili maji yatiririke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo hata gari lisilo na kosa lolote huenda likasogea kushoto polepole. Tafuta sehemu tambarare, pana na isiyo na magari, ujaribu hapo. Likivuta bado, pima upepo matairi yakiwa baridi. Kibandiko cha kipimo sahihi kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa magari ya kutoka Japani kimeandikwa kPa. Ukiona 220, hiyo ni karibu 32 kwenye geji za vijana wa kujaza upepo. Wengi wao wanajaza 40 kwa mazoea, na upepo uliopishana kushoto na kulia unatosha kuvuta gari. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na ringi za mbele bila kuzigusa. Moja ikiwa ya moto kupita kiasi, breki yake inashika. La mwisho, mwambie fundi abadilishane matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, ilimradi ubavuni hayana mshale wa mwelekeo. Kama gari sasa linavuta kulia, tatizo ni tairi. Kama linaendelea kuvuta kushoto, basi ni chuma.

Kwa maelezo yako mimi naelekea kwenye chuma. Gurudumu la kushoto ndilo linalotumbukia kwenye mashimo ya pembeni na kugonga kingo za lami zilizokatika. Likipigwa mara nyingi linasukumwa nyuma: bushi ya mkono wa chini, ule mafundi wanaouita loa amu, inachanika, au mkono wenyewe unapinda. Gurudumu likirudi nyuma upande mmoja, kasta ya upande huo inapungua, na gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Kushoto, yaani. Unaweza kuhakikisha kwa futi ya fundi nguo. Nyoosha usukani, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto halafu kulia. Tofauti ya milimita chache isikusumbue, kwani upimaji wa mkono una makosa yake. Lakini ukikuta upande wa kushoto ni mfupi kwa sentimita nzima, mpe fundi namba hiyo na umwambie unataka ajue kwa nini.

Sasa twende gereji, na uwepo mwenyewe. Si lazima ushike spana, ila simama uone. Gari liinuliwe kwa jeki kisha likae juu ya stendi imara. Mtu asiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Gurudumu likining'inia, fundi alishike juu na chini, alisukume na kulivuta. Likicheza, wewe kaa kwenye kiti ukanyage breki, naye atikise tena. Mchezo ukipotea, beringi ndiyo mbovu, kwa sababu breki imeshalifunga gurudumu na kile chuma kinachobeba beringi vikawa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, ni boljointi ya chini au boliti zilizolegea. Kipimo hiki cha breki mafundi wengi wanakiruka, halafu wanabadilisha beringi nzima isiyo na kosa. Kisha ashike kushoto na kulia, atikise: mchezo hapo ni tairodi au kiungo cha ndani kinachoingia kwenye raki, ile mashine ya usukani iliyo chini. Ili kujua ni kipi, gari lishushwe chini, mtu mmoja acheze na usukani kidogo kidogo, huku mwingine ameweka vidole juu ya kiungo. Kilichochoka utakisikia kikigonga chini ya vidole. Mpira wa akodioni unaofunika kiungo cha ndani ukiwa umechanika, vumbi la Mvomero limeshaingia, na kiungo hicho hakina siku nyingi.

Bushi za loa amu zinapimwa kwa mtaimbo. Fundi auingize kati ya mkono na fremu, abinye taratibu. Mpira mzima unabonyea na kurudi. Uliochanika unaachia ufa, au chuma cha katikati kinahama peke yake. Kuna jaribio jingine unaloweza kulifanya uwanjani pako. Mtu arudishe gari nyuma polepole sana, akanyage breki, kisha aende mbele na kukanyaga tena. Wewe simama ubavuni, mbali na njia ya gari, utazame nafasi kati ya tairi na madigadi. Gurudumu lisilo na kosa linatulia mahali pake. Lenye bushi iliyokufa utaliona linaruka mbele na nyuma kila breki inaposhika. Ukiliona hilo kwa macho yako utaelewa mara moja kwa nini vipimo vya mashine havikai.

Mlio wako wa kwenye matuta unaweza kuwa kitu kidogo kabisa. Stabilaiza linki, vile vifimbo vifupi vinavyoshika chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona, zikichoka zinagonga kwenye mashimo madogo, hasa gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, na kelele yake inatisha kuliko madhara yake. Hazibadilishi alaimenti hata kidogo. Mlio mzito unaotoka juu, karibu na boneti, tena ukikata usukani gari likiwa limesimama, ni mauntingi ya shokapu, yaani kishikio chake cha juu, au beringi yake. Hiyo inahusika, kwa sababu shina la shokapu likicheza juu, kemba nayo inacheza.

Shokapu zenyewe tazama kama zimelowa mafuta. Ukungu mwembamba uliokamata vumbi si tatizo, ila mafuta yanayotiririka maana yake imekwisha. Gandamiza kona ya gari kwa uzito wako kisha uachie: inapaswa kupanda na kutulia, si kuyumba mara tatu nne. Zikibadilishwa, zibadilishwe mbili za mbele kwa pamoja. Na kwenye IST shokapu ya mbele imefungwa moja kwa moja kwenye chuma cha gurudumu kwa boliti mbili kubwa, hivyo ukiifungua tu kemba inaweza kuhama na alaimenti inakuwa lazima. Nikusihi pia jambo la usalama: nati ya juu ya shokapu isifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Springi ikifyatuka inaweza kuua. Ukiona fundi anabana springi kwa waya au kamba, chukua gari lako uondoke.

Kama mtu aliyekuuzia, au wewe mwenyewe, aliweka spesa za mpira kwenye springi ili gari lipande juu, mweleze fundi. Naelewa kwa nini watu wanaweka; IST iko chini kwa njia ya shamba. Lakini urefu ukibadilika, mikono ya chini na tairodi zinakaa kwenye pembe nyingine, na tou na kemba zote zinahama. Zaidi ya hapo, spesa zikiwekwa katikati ya mizunguko ya springi mara nyingi hazilingani kushoto na kulia. Bora springi mbili zinazofanana kuliko spesa za kubahatisha.

Nifike kwenye jambo linaloharibu kazi nzuri kuliko mengine yote, na ambalo ningependa ulisimamie hata kama utasahau nusu ya niliyoandika. Bushi ya loa amu ni mpira ulioshikamana na chuma cha ndani na chuma cha nje. Haizunguki, inajipinda gari likipanda na kushuka, kisha inarudi. Fundi anapofunga mkono mpya gari likiwa juu, gurudumu linaning'inia na mkono umeelekea chini. Akikaza boliti hapo hapo mpaka mwisho, mpira umefungwa katika pembe hiyo. Gari likishushwa, mkono unapanda kufikia pembe yake ya kawaida, na bushi inabaki imesokotwa muda wote, usiku na mchana, hata ukiwa umeegesha. Ndani ya miezi michache imechanika, na watu wanalaumu spea. Njia sahihi ni kuziingiza boliti na kuzikaza nusu, kulishusha gari likae kwa uzito wake kwenye magurudumu, kulitikisa mara kadhaa lijipange, ndipo zikazwe mpaka mwisho. Fundi akikuambia hakuna tofauti, mwombe kwa heshima afanye hivyo kwa sababu wewe ndiye mwenye gari. Hiyo kazi haimwongezei hata nusu saa.

Kwenye boljointi na tairodi mpya, angalia nati yenye meno na pini yake ya kukunja. Tundu la pini lisipolingana na meno, nati inakazwa mbele zaidi hadi lilingane, hairudishwi nyuma. Pini ya zamani isirudishwe.

Na spea? Mpira ununue mpya. Boljointi, tairodi na bushi za mtumba zinaweza kung'aa baada ya kuoshwa kwa petroli, lakini umri wake huujui, na mpira unazeeka hata ukiwa dukani. Chuma kitupu cha mtumba, kama mkono uliopinda unaouhitaji haraka, mimi sikikatai, ilimradi kilinganishwe na cha upande wa pili kuona kama nacho hakijapinda, na kiwekewe bushi mpya.

Hayo yote yakishakamilika ndipo uende kwenye mashine. Upepo upimwe kwanza, mizigo ishushwe. Jembe na magunia yasibaki kwenye buti. Vishikio vikishafungwa kwenye ringi, gari lisogezwe mbele na nyuma kidogo ili mashine isahihishe ringi zilizopinda. Usukani unyooshwe na ufungwe kabla tairodi hazijaguswa. Fundi aanze kusoma magurudumu ya nyuma, kwa sababu ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, halafu ya mbele yafuate. Tairodi zirekebishwe zote mbili, kushoto na kulia, na nati zake za kufungia zikazwe baada ya kipimo. Akirekebisha moja tu usukani utakaa upande. Na akitaka kung'oa usukani na kuurudisha umenyooka, mkatalie. Chini ya usukani kuna kebo ya mfuko wa hewa yenye mizunguko yenye kikomo kushoto na kulia, na ikikaa vibaya itakatika siku utakayokata kona ndefu.

Omba karatasi mbili, ya kabla na ya baada. Kwenye magari madogo ya aina yako tou inakaa karibu na sufuri, ikiruhusu milimita moja mbili huku na huku. Kwa mbele tou ndiyo inayorekebishwa kwa tairodi. Kasta haina parafujo ya kuisogeza, kwa hiyo ikisomeka tofauti kushoto na kulia, jibu lake ni kutafuta kilichopinda. Ekseli ya nyuma ya IST nayo ni boriti moja isiyo na marekebisho ya kawaida. Ikisomeka nyekundu kwa wingi, yaani nje ya kipimo, imepinda au bushi zake zimekwisha, na fundi asiyekutajia hilo hajasoma karatasi yake mwenyewe. Kama baada ya haya yote usukani unatetemeka ukifika kasi ya 80 au 100, hiyo ni balansi, na inalipiwa peke yake.

Matairi mapya yafungwe siku hiyo hiyo, kabla gari halijapanda mashine. Hadi hapo tumia haya ya zamani, isipokuwa kama nyaya zimeshatokeza ndani. Zikitokeza usisafiri nayo hata siku moja, azima au kodi mengine ya mpito. Ukishatembea kama kilomita 1,000, njia ya shamba ikiwemo, pitisha kiganja tena juu ya matairi ya mbele kama nilivyokueleza. Yakiwa laini pande zote, yapokezane na ya nyuma kila kilomita 10,000 na uendelee na safari zako. Meno meno yakianza kusikika, rudi kwa fundi aliyefunga loa amu ukiwa na karatasi zako mbili, muanze na zile boliti za bushi.